Kaburi Lisilo na Kibao

Kila Ijumaa Bibi Khairoonisa humsomea mama yake Yasini. Husoma jikoni tu, kwa sababu hajui kaburi liko wapi. Mama alifariki kwa uzazi, akazikwa, na kichanga chake kikazikwa ubavuni mwake. Kisha serikali ya ubaguzi wa rangi ikawahamisha watu wote wa mtaa ule. Vibao vya makaburi vikaoza, nyasi zikafunika. Bibi alibaki na hamu ya mama, na hamu haizeeki.

Sasa pale makaburini panajengwa ghala.

"Wakimwaga zege, nitamsalimia mama wapi?" alilia.

Mwanawe Haroon ni dereva wa lori katika mtaa wa Clairwood. Haraka yake, loo! Alichukua mtaimbo, akaenda kuchomachoma ardhi. Jirani yao Safiyyah akamkuta. Kazi ya dada huyu ni kupima ardhi.

"Eish, Haroon! Unatafuta bibi yako au muhogo?"

"Sasa nitajuaje?"

"Utavunja mifupa ya watu. Weka chuma chini. Iko mashine."

Wajenzi walikubali kusubiri. Safiyyah akaja na mashine ya magurudumu, kama kigari cha mtoto.

"Inatuma mawimbi chini," alieleza. "Udongo uliowahi kuchimbwa huyarudisha tofauti. Hatuchimbi, hatusumbui maiti. Bibi, kibla hapa ni wapi?"

"Kaskazini, mwanangu. Wote wamelazwa wakitazama huko."

"Basi makaburi yamelala mashariki na magharibi. Nitayakatiza, nitoke kusini niende kaskazini. Nikifuata urefu wake, naweza kupita kati ya kaburi na kaburi nisione kitu."

Alisukuma polepole, akienda na kurudi. Kila alama ilipotokea kwenye kioo cha mashine, Haroon alichomeka kibendera. Vilijaa uwanja mzima. Haroon aliutazama mtaimbo wake.

"Mama yangu ni yupi?" Bibi aliuliza.

"Pole, Bibi. Mashine haijui majina."

Bibi alipita kando ya vibendera, kimoja kimoja. Karibu na uzio akasimama. Pale palikuwa na alama ndefu, na ubavuni mwake alama fupi.

"Hii fupi ni nini?"

"Shimo dogo. Huenda ni la mtoto. Sijaona jingine kama hilo."

Bibi aliketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti. Haroon akamshika bega.

Wajenzi walisogeza eneo la ghala mbali na makaburi. Ijumaa iliyofuata Bibi hakusoma jikoni. Alimaliza Yasini pale pale, akapapasa udongo.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nimekuwa mzee kuliko wewe."