Kadi ya Chakula ya Birch Hollow

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe kumi na tano Juni, saa kumi na dakika tano alasiri, mbele ya dirisha la kuku wa kukaanga katika bustani ya michezo ya Birch Hollow. Corinne Hatala, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa kwenye foleni na mdogo wake Emmett, wa miaka minane. Kila mmoja alishika kadi yake ya chakula. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Walibakiza watu wawili tu mbele yao wakati mlinzi mwenye koti la njano alipowagusa mabega.

"Mko na nani hapa?"

"Tuko wenyewe, anko," alijibu Corinne.

"Mna miaka mingapi?"

Emmett, ambaye hakujua kudanganya, alijibu upesi. "Mimi minane. Dada kumi na miwili."

"Basi yenu imeishia hapa. Walio chini ya miaka kumi na sita hawabaki ndani baada ya saa kumi bila mtu mzima. Twendeni getini."

"Lakini hatujala cha jioni! Tumeshakilipia!"

"Mimi sikukuuzia hiyo kadi, binti," alisema mlinzi. "Kazi yangu ni kutoa watu."

Brody, aliyekuwa akisoma darasa moja na Corinne, alikuwa nyuma yao pamoja na mama yake, mdomo umejaa chipsi. "Haya, watoto wa chekechea, mkalale!" alipiga kelele. Watu wakacheka. Mama yake akamfinya, lakini naye alikuwa akicheka.

Nje ya geti la Birch Hollow hakuna hata benchi. Waliojenga bustani ile ya michezo walijali aingiaye na fedha, atokaye hawakumfikiria. Corinne na Emmett walijibanza chini ya paa la kibanda cha tiketi. Baba yao, Wendell, alikuwa ghalani akipakia masanduku hadi saa moja jioni, na simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mpaka kengele ya kutoka. Hakukuwa na namna ya kumwita.

"Dada, si ulisema tutakula mpaka tuvimbiwe?" aliuliza Emmett huku akitetemeka.

Corinne alimvuta karibu yake. Alikuwa akifikiria dola mia mbili na arobaini zilizolipia kadi zile mbili. Fedha hizo zilitolewa kwenye akiba ya jiwe la kaburi la mama yake.

Mama yao alifariki mwezi Oktoba uliotangulia. Tangu siku hiyo kaburi lake lilikuwa na kibati kidogo tu, kile wanachochomeka watu wa mazishi, chenye jina lililoandikwa kwa taipu. Wendell alidunduliza tangu Krismasi mpaka akapata dola mia sita. Fundi wa mawe alimwambia, "Niletee mia sita kabla ya tarehe mosi Julai, nitalisimamisha jiwe kabla ardhi haijaganda. Ukichelewa, subiri masika, theluji ikishayeyuka." Akiba ilikuwa imetimia. Ilibaki kuipeleka tu.

Lakini shule zikafungwa, na Wendell akawa na tatizo la wazazi wote wa mji wa Calder. Kiwanda cha chuma kilipofungwa, wakubwa walisema kazi nyingine zitakuja, na zilizokuja ni za ghalani, za siku sita kwa wiki. Kumlipa mlezi wa watoto ni anasa. Kwa hiyo watu wa Calder hununua tiketi ya msimu ya Birch Hollow, ambayo ni rahisi, halafu kila asubuhi huwashusha watoto getini kama mizigo na kwenda kazini. Mabembea na treni za kupinduka ndizo zilizokuwa yaya wa mji mzima. Kila mtu alijua, na wenye bustani walijua kuliko wote.

Jioni moja, Wendell aliketi mezani na simu yake akamwita Corinne. Yeye aliacha shule darasa la kumi, na maandishi madogo yalimchosha.

"Wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu humu ndani," alisema. "Kuna hii kadi ya chakula, dola mia moja na ishirini kwa kila mtoto. Milo miwili kwa siku, msimu mzima. Nipigie hesabu. Inatuokolea fedha au wanatula?"

Corinne alichukua penseli. Mlo mmoja ndani ya bustani ulikuwa dola kumi na sita. Watoto wawili, milo miwili kila mmoja: dola sitini na nne kwa siku. Akazidisha kwa siku sitini.

"Baba! Tutaokoa dola elfu tatu na mia sita! Na hizi mia mbili na arobaini zitarudi baada ya siku nne!"

Wendell alikuna kidevu. "Siku nne? Basi naweza kukopa kwenye za jiwe na zikarudi kabla ya tarehe mosi?"

"Hesabu haidanganyi, Baba."

"Na masharti je? Hawa watu hawatoi kitu bila kamba ya kukufunga."

Hapo ndipo Corinne alipouona ule mstari. Ulikuwa chini kabisa, kwa herufi za kijivu: *walio chini ya miaka kumi na sita hawaruhusiwi baada ya saa kumi alasiri bila mtu mzima.* Aliusoma mara mbili. Kiangazi kilichopita alikitumia kwenye korido ya hospitali, akihesabu vigae, huku wenzake wakirudi shuleni na hadithi za Birch Hollow. Pengine hawalifuati hilo sharti, alijiambia. Akausukuma ukurasa juu kwa kidole.

"Hakuna la maana, Baba. Bonyeza hapa."

Wendell akabonyeza.

Sasa, saa moja na robo, gari la Wendell lilisimama mbele ya kibanda cha tiketi. Aliwakuta watoto wamelowa, Emmett analia kwa njaa. Aliposikia kilichotokea, aliwashika mikono akaenda nao moja kwa moja hadi ofisi ya malalamiko.

Meneja alikuwa kijana mwenye tabasamu lililopigwa pasi. "Pole sana, bwana. Sharti hili linalinda familia."

"Na hawa ni nani? Paka?" alisema Wendell. "Mmeniuzia chakula cha jioni cha mtoto, halafu jioni mnamfukuza mtoto! Nirudishieni fedha yangu."

"Fedha hazirudishwi, bwana. Hilo liko kwenye masharti. Na wewe uliweka alama kwamba umeyasoma."

Wendell aliwashika tena watoto mikono akatoka nao. Mbele ya mtu mwenye karatasi alikuwa hivyo siku zote.

Ndani ya gari ndipo maneno yalipomtoka. Aliwalaani wenye bustani, akawalaani wenye ghala, akawalaani watu wa bima waliomzungusha na barua hadi mkewe akafariki. "Wote lao moja! Wanaandika kwa herufi za sisimizi makusudi, ili mtu kama mimi asione. Jumatatu siendi kazini. Nitasimama getini pale na bango mpaka wanirudishie."

"Watakufukuza kazi, Baba," alisema Corinne.

"Na wanifukuze! Yupo mtu aliyeniibia jiwe la mama yako, na nitamjua."

Corinne aliitazama mvua kwenye kioo. Baba yake alikuwa amewalaumu watu wote wa dunia, na hata mara moja hakumtaja yeye. Angeweza kunyamaza. Lakini baba angepoteza kazi kwa ajili ya mstari ambao mwanawe aliusoma mara mbili.

"Baba, mimi niliuona."

"Uliona nini?"

"Ule mstari. Wa saa kumi. Niliuona kabla hujabonyeza, nikausukuma juu. Nilitaka sana kwenda."

Wendell alikaza macho barabarani. Gari lilifika nyumbani, akazima injini, akakaa ameshika usukani kama bado anaendesha.

"Ingia ndani," alisema mwishowe. "Mpe mdogo wako chakula."

Jumatatu Wendell alikwenda kazini kama kawaida. Kwa siku mbili alizungumza na Corinne yale ya lazima tu: funga mlango, leta chumvi. Corinne alitamani angepigiwa kelele. Jumanne jioni alishindwa, akachukua karatasi yake ya hesabu akavuka ua hadi kwa Bi Pauline, jirani yao, mpishi wa shule ambaye kila kiangazi huwagawia watoto chakula maktabani. Bi Pauline alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, asiyembembeleza mtu.

Aliisoma karatasi ile, miwani puani. "Dola kumi na sita! Mwanangu, lini baba yako amewahi kukununulia kuku wa dola kumi na sita?"

"Hajawahi, Bi Pauline."

"Bila kadi mngekula nini mchana?"

"Mkate na siagi ya karanga. Jioni makaroni ya jibini, au mayai."

"Hiyo ni dola ngapi?"

Corinne alifikiri. "Kama tatu kwa kila sahani."

"Basi andika tatu, ufute hiyo kumi na sita. Huwezi kuokoa fedha ambayo usingeitumia."

Corinne akafuta. Milo minne kwa dola tatu ikawa kumi na mbili. Nyuma yake mlango ulifunguliwa taratibu. Wendell alikuwa amekuja kumtafuta, na sasa alisimama kimya akisikiliza.

"Kumi na mbili kwa siku, kama mtakula milo yote," aliendelea Bi Pauline. "Bustani inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tano. Lakini lazima zipite saa nne kati ya mlo na mlo."

"Saa tano ukiongeza nne?"

Corinne aliinua uso. "Saa tisa. Tunakula cha pili saa tisa, kabla hawajatufukuza!"

"Mimi natoka maktabani saa tisa u nusu na napita pale getini. Nikiwakuta nje, nawachukua. Nikiwakosa, naenda zangu, siwapigii honi."

"Lakini saa mbili usiku watakuwa na njaa tena," alisema Wendell kutoka mlangoni. Corinne alishtuka. "Weka dola mbili za maziwa na nafaka za usiku."

Corinne akaondoa mbili. Zikabaki kumi kwa siku. Akagawanya mia mbili na arobaini kwa kumi, na penseli ikasimama.

"Siku ishirini na nne," alisema kwa sauti ndogo. "Tarehe mosi Julai itatupita."

"Itatupita," alisema Wendell. "Mama yako atakaa na kibati chake baridi yote hii."

Corinne alianza kulia. Bi Pauline alisimama akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi tayari.

Wendell alivuta kiti. "Nisikilize, Corinne. Ile hesabu yako nimeirudia mara tatu ghalani, kwenye kipande cha boksi. Kujumlisha hukukosea. Ulitumia bei yao badala ya bei yetu, na hilo ni kosa la kufundishika. Lakini ule mstari ni jambo lingine. Ungenisomea, labda ningenunua, labda nisingenunua, ila ningekuwa nimeamua mimi. Wale wakubwa wananificha mambo kila siku, nimewazoea. Nyumbani kwangu nina watu wawili tu. Wa kunisomea kilichoandikwa ni wewe."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Kesho saa tano muwe getini. Na usimwache Emmett aanze na aiskrimu."

Kiangazi kile walikula siku arobaini na moja. Kila jioni Wendell alitenga dola kumi ambazo hakuzitumia dukani. Siku za mvua walikula wakitiririka maji. Kufikia wiki ya tano Emmett alikuwa akinuna kila akimwona kuku, na Corinne akawa anamlazimisha kuchukua piza na saladi. Brody aliwatania kwamba wanakula cha jioni saa tisa, kama vikongwe wa nyumba ya wazee. Kila karatasi iliyofika nyumbani, ya shule au ya umeme, Corinne aliisoma kwa sauti mpaka mstari wa mwisho, hata baba yake alipopiga miayo.

Bustani ilipofungwa, walihesabu. Dola mia mbili na arobaini zilikuwa zimerudi, na juu yake mia moja na sabini. Si elfu tatu na mia sita. Wendell alirudisha za jiwe, akapeleka mia sita kwa fundi wa mawe, ambaye alizipokea, akaandika jina, akasema masika.

Usiku ule Corinne alimwuliza baba yake kama wanaweza kuwaandikia wenye Birch Hollow.

"Andika wewe," alisema Wendell. "Mimi nikiandika nitatukana."

Aliandika kwa adabu, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Alikiri kwamba yeye aliuona mstari wao na hakumwambia baba yake, na kwamba kosa hilo ni lake. Halafu akauliza jambo moja tu. Barua ilitumwa tarehe ishirini Agosti. Majani yamekwisha kuanguka, theluji ya kwanza imekwisha kulala juu ya makaburi ya Calder, na sanduku la barua la akina Hatala halijapokea chochote kutoka Birch Hollow isipokuwa tangazo la kadi za mwaka ujao. Wala Bi Pauline, wala mwalimu wa Corinne, wala Wendell mwenyewe hajaweza kumjibu. Alichouliza ni hiki: "Mlipokuwa mnawauzia watoto chakula cha jioni, mlitarajia wakile wapi?"