Vijiko vya Dada

Leo asubuhi nilikuwa nasugua vyombo nje ya jiko. Vijiko tulikuwa navyo sita, sasa vimebaki vitatu.

"Mama, kijiko kingine hakipo."

"Umekimwaga na maji machafu."

Sikubisha, mimi si mtu wa kubisha. Lakini jicho langu lilikuwa kwa dada.

Dada ni fundi cherehani. Tangu mtoto wake afariki, miezi mitano sasa, cherehani imefunikwa shuka, na yeye amelala akitazama ukuta. Ghafla, wiki mbili hizi, anatoka asubuhi na mapema na kurudi pindo la gauni limelowa, kucha nyeusi. Ukimuuliza anasema, "Nilikuwa hapo tu." Hapo tu wapi? Juzi nikamwandikia shangazi kwamba dada anaiba vyombo, nadhani anauza. Akajibu upesi: "Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu atakaa ndani, mlango na kufuli."

Dada akatoka mlango wa nyuma, mkoba kwapani. Nikamfuata mpaka nyuma ya zahanati, kwenye kijito, nikajibanza kichakani. Watu kama saba walikuwa wamepiga magoti kwenye tope, wanapanda miche. Dada akatoa kijiko chetu, akauchota mche na udongo wake bila kugusa mzizi.

"Haya, kila mtu aseme kitu kimoja alichokiona leo," nesi wa zahanati akasema. "Habari za kupona hapa hatuulizani."

"Nimeona kiwavi ameacha jani lake, anakula la jirani," dereva mmoja akasema.

"Huyo shemeji yangu kabisa!" akadakia mwenzake.

Dada akacheka. Nilikuwa nimeshasahau anavyocheka.

"Na mimi," akasema, "nimeona sketi ya mdogo wangu kichakani. Toka, mpelelezi!"

Nikatoka nalia, nikasema yote, hata ya shangazi. Mikono ya dada ikasimama.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, dada. Ulisema hapo tu."

"Niliona aibu. Mngesema kushona siwezi, kuchezea tope naweza."

Nesi akanivuta kando. "Ugonjwa wake unaitwa sonona, mwanangu. Si uvivu wala wizi. Dawa anakunywa, kuongea tunaongea, na huku nje maji na miche vinamsaidia kuamka. Ukimfungia ndani, unamrudisha ukutani. Ukimshuku mtu, muulize mara ya pili kabla hujamsema mara ya kwanza."

Nyumbani nikaomba simu ya Mama, nikaandika: "Shangazi, nilikosea. Vijiko ni vya kupandia miche. Leo dada amecheka. Tafadhali usije kumchukua, njoo umwone."

Ujumbe ameusoma. Kesho ni Jumamosi, na mpaka sasa hajajibu.