Tiba Isiyofika Bujumbura

Mvua ya ghafla iliwasukuma watu chini ya mabati ya soko kuu, na Murhula akajikuta amebanwa kwenye meza ya vitenge. Mwenye meza, Consolée, mjane aliyevaa blauzi ya rangi ya limau, alimwambia kwamba kama hanunui, basi asimlowanishie mali. Akanunua.

Hiyo ilikuwa Machi 2004. Kufikia Juni walikuwa wakipigiana simu kila jioni, Murhula akiwa mtaa wa Kamenge, Consolée akiwa mtaa wa Musaga.

Murhula, mkimbizi kutoka Bukavu, alifundisha biolojia. Kisukari kilikuwa kimeharibu neva na mishipa yake ya damu, kikamwondolea nguvu za kiume, na vidonge havikusaidia. Katika jarida la Kifaransa alisoma kwamba watafiti walikuwa wakijaribu kutibu tatizo hilo kwa jeni na seli shina katika panya wa maabara, na baadhi ya panya walipata nafuu. Panya si mtu, alijua. Hata hivyo aliisubiri tiba hiyo, na kila alipomtembelea Consolée aliaga mapema, akisingizia amri ya kutotembea usiku.

Consolée akawaza ambalo wengi wangewaza katika mji uliojaa wakimbizi.

"Uko na bibi kule Bukavu," alimwambia kwenye simu. "Sema tu, cheri. Sitalia."

Murhula alipima. Uongo wa kuwa na mke ulikuwa na aibu ndogo kuliko ukweli.

"Ndiyo."

Simu ikanyamaza jioni ile, na jioni zote zilizofuata. Murhula alipika maharage ya mtu mmoja, akasahihisha madaftari, akawasikiliza majirani wakicheka nyuma ya ukuta. Mwishowe alirudi sokoni, akamweleza Consolée yote kwa sauti ya chini, kuanzia sukari hadi panya. Consolée aliendelea kukunja kitenge.

"Kumbe bibi hayuko."

"Hayuko."

"Na iyo dawa itafika lini?"

"Labda miaka kumi. Labda haitafika."

"Na we ulitaka tungoje panya." Aliweka kitenge chini. "Mi nilishazika bwana mumoja, Murhula. Ule alikufa kweli. We uko muzima, unajizika."

Murhula alikikunja kitenge kile, Consolée akakipokea.

"Kuja dimanche, siku ya kanisa, na wazee yako, waongee na baba."

"Sina wazee huku. Sina mutu."

Kuposa bila msemaji wa ukoo ni kujitafutia kufukuzwa, na Consolée alilijua hilo vizuri kuliko yeye.

"Basi kuja peke yako," alisema. "Mi nitakaa upande yako."