Fungu la Zita

Perere, yule mnyama mdogo wa mitini, hulia gizani, kila mtu wa Kibosho anajua hilo. Huyu alilia saa tisa mchana, jua likiwaka, naye alikuwa amekwisha kubabuliwa manyoya, kukatwakatwa na kutiwa chunguni pamoja na ndizi. Salvina alitega sikio, mwiko mkononi. Mlio ulitoka chini ya mfuniko, mkavu na mrefu, ukapanda, kisha ukakatika.

Akajiambia ni mvuke. Mwaka ule wa foleni za unga hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwaga nyama, hata hiyo ya pori iliyopikwa milango imefungwa kwa kumwogopa bwana misitu. Lakini alijua alichotoka kufanya.

Kabla ya kwenda kwenye mkutano wa kijiji, mumewe Leodegar alikuwa amekata kidari cha yule perere, kipande kisichojaa kiganja, akakiweka juu ya jani la mgomba. "Leo nimechelewa," alisema. "Mpelekee Zita."

Zita alikuwa mkewe wa kwanza, naye alikuwa kaburini, nyuma ya migomba, penye masale, ile mimea inayopandwa makaburini. Katika ukoo wao kidari ni fungu la mke mwenye nyumba. Kila nyama ilipoingia, Leodegar alimpelekea Zita kidari, na Salvina, aliyefunga naye ndoa kanisani mbele ya watu wote, akaambulia shingo. Wivu ulimtafuna mchana na usiku. Mke mwenza aliye hai utagombana naye, utamvua hata kilemba sokoni. Marehemu utamfanya nini? Hazeeki, wala haunguzi chakula.

Basi siku hiyo alikichoma kile kidari, akakila chote, akalamba na vidole. Kilikuwa kitamu, na alifurahi, tusimfichie. Ndipo perere alipolia.

Ukimya uliporudi, Salvina alisikia mtu akitafuna. Yeye alikuwa amekwisha kumeza. Kisha ikaja harufu ya karafuu. Zita alikuwa na jino bovu upande wa kushoto, na alilituliza kwa karafuu alizonunua Moshi mjini, dukani kwa Mama Gulnar. Tangu azikwe, nyumba ile haikuwa na karafuu hata moja.

Kuanzia hapo Salvina hakushiba. Alikula ndizi, akala maharage, akala kiporo kilichowekewa kuku, na kila tonge liliposhuka alilisikia likipokelewa na mwingine huko ndani, likisagwa taratibu upande wa kushoto, bila haraka, kama mtu aliyerudi kwake baada ya safari na kukuta chakula mezani, hata akaogopa kufumba macho, akaogopa kupiga mwayo, asije aliye ndani akaona njia.

Akaenda kwa bibi Ndelilio, aliyejua mambo ya wazee. Alimwamkia shikamoo. Bibi aliitikia, akamtazama taya.

"Umekula cha nani, mwanangu?"

Salvina akasema yote. Bibi akamwelekeza akate jani la isale, alilaze juu ya kaburi, na aombe radhi, kwani anayeletewa isale hakatai kusamehe, awe hai au mfu.

"Lakini umwite dada, na iwe kwa moyo," alisema. "Ukienda na kinyongo, utakuwa umemfungulia mlango."

Alikwenda. Alipiga magoti, akalaza isale, akakiri kosa. Neno dada lilikuwa tayari ulimini alipoiona mifupa pembeni ya kaburi, ya perere, ya minde, ya swala, myeupe, imepangwa vizuri na mkono aliokuwa akiungoja kila siku umguse hivyo. Hakuwahi kupangiwa kitu kwa upendo namna ile. Akalishika lile isale, akalitupa.

"Kidari ni cha mwenye nyumba," alisema. "Mwenye nyumba ni mimi."

"Ni mimi," kinywa chake kikarudia, kwa sauti ya kukwaruza isiyokuwa yake.

Jumapili Leodegar alileta perere mwingine. Alikata kidari, akakiweka mbele ya mkewe kwa mkono wake mwenyewe, huku akimtabasamia kwa namna ambayo Salvina aliitamani tangu harusi. Alitaka kusema asante. Kinywa kilikuwa kimekwisha kusema, kikaanza kutafuna, upande wa kushoto.

Leodegar akachukua kipande cha shingo, akakilaza juu ya jani la mgomba, akatoka. Kupitia mlango Salvina alimwona akiinama penye masale, na alisikia kila neno.

"Salvina, mke wangu," alisema kwa huzuni ya mgane. "Fungu lako hili."

Salvina akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Kinywa kikaendelea kutafuna. Huko migombani, jua likiwaka, perere akalia. Leodegar alisikiliza kidogo, akajifuta mikono, akarudi ndani kula na mkewe.