Sifongo Puani mwa Dunmurry

Kitu kilichotoka kwenye tundu la pua la farasi Dunmurry, saa nne asubuhi ya Jumatatu, kilikuwa na ukubwa wa yai la kuku. Kilikuwa kimeoza na kinachuruzika usaha wa kijani. Daktari wa mifugo alikibana kwa koleo, akakiweka kwenye sinia la bati. Uvundo ulijaa banda zima. Nuala Heffernan, mpelelezi wa bodi ya mbio, alikuwa ameshaona farasi waliodungwa sindano na mizani iliyochezewa, lakini hapo alitoka nje kuvuta hewa safi.

"Sifongo," daktari alimwambia aliporudi. "Imekaa humu wiki moja hivi. Farasi hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo, Nuala. Akitembea huoni kitu. Akikimbia, anakabwa."

"Angekufa?"

"Mita mia nne zaidi na angeanguka, yeye na aliyempanda."

Nuala aliinama juu ya sinia, pua ameziba kwa kitambaa. Kwenye sifongo palikuwa na uzi mfupi wenye nta, ule wa kusukia manyoya ya shingo ya farasi. Ulifungwa kwa fundo, ncha yake imekatika.

"Huu uzi usimtajie mtu," alisema.

Jumamosi iliyopita, katika mbio kubwa za mwisho wa msimu kwenye uwanja wa Curragh, Dunmurry ndiye aliyetazamiwa kushinda. Joki aliyempanda, Dervla Tuohy, alimsimamisha njiani, akashuka, akamtembeza kwa miguu mbele ya jukwaa lililokuwa likimzomea. Kufikia jioni wilaya nzima ya Kildare ilikuwa inasema kauza mbio. Jopo la kuchagua Joki Bora wa Mwaka lingekutana Jumanne saa saba hotelini, na la kwanza lingekuwa kulifuta jina lake. Baada ya hapo leseni yake isingemaliza wiki. Dervla hakuwa na kazi nyingine duniani.

Nuala alianza na Edson, mtunza farasi kutoka Brazili, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo kama mtu anayesubiri kufungwa.

"Wewe ndiye unayempangusa pua kwa sifongo kabla ya mbio?"

"Mimi, mama. Kwa shida." Akakunja mkono wa shati. Alama za meno zilipanda mpaka kwenye kiwiko. "Tunamshika wawili, na kamba ya kumbana mdomo. Huyu pua yake haiguswi. Niulize vidole vyangu."

"Nani aliingia humu wiki iliyopita?"

"Mgeni? Hakuna. Bosi, mimi, Dervla. Mgeni hajaingia."

Bosi wake, Fintan Looby, mwenye zizi, alidakia kutoka mlangoni. "Unapoteza muda, dada. Nenda kwa Cathal Mernagh. Nani mwingine anaitaka hiyo tuzo?"

Cathal alikuwa mpinzani pekee wa Dervla. Nuala alimkuta akiwa kwenye beseni la maji moto, anatoa jasho apunguze uzito, uso mwekundu. Alikuwa Ufaransa tangu Jumamosi ya wiki moja kabla ya mbio mpaka Ijumaa usiku, na tiketi zilithibitisha.

"Mimi nataka kumshinda Dervla, sitaki kumzibia farasi pumzi," alisema. "Unajua nini? Niliona alivyomsimamisha. Mimi ningempiga fimbo aendelee. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Nuala alimwamini, na hilo halikumsaidia kitu.

Njia nzima aliufikiria uzi. Mtu wa kamari angesukuma sifongo ndani akaenda zake. Anayefunga uzi anataka kuivuta tena baadaye. Maana yake alijua kwamba mbio zikiisha atafunguliwa mlango, na farasi atatulia. Ila tangu Jumamosi jioni daktari alikuwa amelifunga banda, haingii mtu.

Jumanne asubuhi alirudi kwa Edson.

"Jana niliuliza vibaya. Wageni tuwaache. Ni nani anayeingia hapa ambaye si mgeni?"

Edson alikuna kichwa. "Labda yule mzee aliyemlea Dunmurry kwa chupa, mama yake alipokufa. Anapita Jumapili baada ya misa. Lakini yule si mtu wa kuhesabiwa, mama, yule ni wa nyumbani."

"Jumapili ya juzi?"

"Daktari alimnyima mlango. Ile ya kabla yake, ndiyo, alikuja. Anakuja na peremende zake."

Hotelini, jopo lilikuwa limeshafika kwenye nyama. Malachy Prunty, mwenyekiti, mwandishi wa habari za mbio, alitetea hoja yake mdomo umejaa.

"Cathal ana ushindi mia na kumi. Dervla tisini na nne. Mnabishana na hesabu?"

"Cathal anapewa farasi wa matajiri," alijibu Bríd Scally, aliyewahi kufuga farasi wa mbio. "Dervla anashinda na mizoga ambayo wewe, Malachy, ungemuuzia mwenye mbwa."

"Na Jumamosi alishinda nini? Alipokea ngapi?"

Meza ikaangua kicheko. Mzee mwenye nywele nyeupe aliyekaa pembeni aliinua mkono kwa upole. Alikuwa Ultan Mernagh, mfugaji, babake Cathal. "Mimi kura yangu niacheni. Mwanangu yumo."

"Muungwana!" Prunty alisema. "Ingawa tukiwatoa wenye ndugu mashindanoni, hapa atabaki mhudumu."

Ndipo Nuala alipoingia akaweka chupa ya kioo katikati ya sahani, akaifungua kifuniko. Bríd alisukuma kiti nyuma. Prunty aliutema mnofu kwenye leso.

"Hii ilikuwa puani mwa Dunmurry," Nuala alisema. "Dervla alisikia pumzi imebadilika, akamwokoa. Ninyi mmemwita mwizi siku tatu."

Prunty alijifuta mdomo. Kisha akasema, "Basi ni yule Mbrazili," na vichwa vikaitikia kwa nafuu. Nuala aliona uvundo wa bandani ulikuwa nafuu. Usaha ule angalau ulikuwa na sababu ya kunuka.

"Njooni nje," alisema.

Uani, Looby, Dervla na Edson walikuwa wamemteremsha Dunmurry kwenye lori. Dervla hakumwangalia mtu. Cathal, aliyekuwa anasubiri matokeo kwenye baa, alitoka na suti yake mpya.

"Aliyefanya hivi alimshika pua bila kelele," Nuala alisema. "Nyoosheni mikono mumshike, mmoja mmoja."

Prunty alitangulia akijichekesha, akaponea chupuchupu kupoteza kidole. Bríd alilaziwa masikio kwa hasira. Looby mwenyewe, mwenye zizi, alitishiwa meno. Ultan alibaki nyuma, mikono mfukoni, lakini haikusaidia. Dunmurry alimwona. Akatoa sauti laini ya kooni, akamvuta Edson uani kote, akaipenyeza ile pua yenye kidonda kwenye mfuko wa koti la mzee, akitafuta peremende.

"Si ajabu," Ultan alisema. "Kila mtu anajua nimemlea."

"Kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna aliyekuhesabu. Ulifika bandani Jumapili ya kabla ya mbio. Jumapili iliyofuata ulirudi, ukakuta daktari kafunga. Mtu wa kamari asingerudi, mzee. Wewe ulirudi kufanya nini?"

"Kumwangalia tu."

"Baba," Cathal aliita. "Kufanya nini?"

Mzee alimtazama mwanawe, wala si mpelelezi. "Kuitoa. Niliifunga uzi niivute asiumie. Daktari aliponinyima mlango, nikajua nimekwisha. Una miaka thelathini na nane, Cathal. Mwaka huu ulikuwa wako wa mwisho. Alihitaji kushindwa mara moja tu, yule msichana."

"Ungeniua," Dervla alisema.

"Nilidhani utapunguza mwendo tu."

Cathal aliegemea lori. "Mimi nisingepunguza. Mwaka jana mimi ndiye niliyempanda huyu, baba. Nisingepunguza." Akamgeukia Prunty. "Futa jina langu."

Dakika kumi baadaye jopo lilikuwa limempa Dervla tuzo kwa kauli moja, midomo ileile, na Prunty alitoka kumpongeza akiwa amefungua mikono yote miwili.

"Tulikuwa upande wako siku zote, binti yangu."

"Niletee ndoo ya maji," Dervla alimwambia. "Farasi ana kiu." Na kwa kuwa watu walikuwa wanaangalia, mwenyekiti alikwenda.

Nuala alimwongoza Ultan kwenye gari. Nyuma yao Dunmurry alikuwa akivuta kamba kwa nguvu zote, shingo imenyooka, anataka kumfuata mzee wake. Ultan alikuta peremende moja imebaki mfukoni, akasimama.

"Nimpe hii tu."

"Itupe," Nuala alisema, akamfungulia mlango.