Siku ya Kupima Jenereta

"Zuia hilo jaribio, Yu-han!"

Sauti ya Mkuu wa Idara ilimkwaruza sikioni. Tseng Yu-han, jasusi wa serikali, alikuwa anateremka ngazi za hospitali mbio, bastola mkononi.

"Mkurugenzi wa hospitali kagoma, Bosi. Hospitali zote za Tainan zimeshapimwa, na yeye hataki kushika mkia."

"Mpumbavu!"

Ndivyo hospitali zilivyoshindanishwa kila mwaka: taa, lifti, mabomba yanayovuja, na jenereta inavyowahi kuwaka umeme ukikatwa. Leo umeme ungekatwa makusudi. Na kati ya wapimaji kulikuwa na mtu wa genge la kigeni la magendo ya silaha. Shahidi wa kesi dhidi ya genge hilo alilazwa ghorofa ya tisa, kwenye mashine ya kupumulia.

Kitanda cha pili, kwenye mashine kama hiyo, alilazwa baba yake Yu-han.

Aliusukuma mlango wa chumba cha jenereta. Wapimaji wanne. Makoti ya bluu, barakoa usoni. Nani sasa? Wote walifanana.

"Bado dakika moja!" alitangaza Mzee Kuo, fundi wa jenereta.

Mpimaji mmoja akanyoosha mkono juu ya jenereta, akachukua pakiti ya kijani ya vitafunio, akaipasua, akashusha barakoa na kutafuna.

Wote wakaganda.

"We! Una kichaa?" Kuo alifoka. "Hiyo ni ya mashine! Unataka isuse?"

Hakuna Mtaiwani angethubutu. Kwa imani yao, pakiti ile huwekwa ili mashine itulie ifanye kazi, na haiguswi hata na mwenye njaa ya siku tatu.

Yu-han alimrukia. Kiwiko shingoni. Goti mgongoni. Bastola kisogoni.

Jamaa akacheka, makombo mdomoni. "Umechelewa, mrembo. Nyaya za betri ya kuwashia nimeshazikata."

Taa zikazimika.

Jenereta haikukohoa hata kidogo.

"Dada Yu-han!" Redio ililia. Alikuwa Hui-ling, muuguzi wa ghorofa ya tisa. "Mashine zimezima! Betri zake mbovu, tuliomba mpya, tukaambiwa hazimo kwenye vitu vinavyopimwa! Wenzangu wamebanwa na wagonjwa wengine. Mimi nina mfuko mmoja wa kupulizia hewa kwa mkono. Nimpulizie nani?"

Yu-han alimkandamiza jamaa sakafuni. Akimwachia huyu mtu, atammaliza Kuo anayeunga nyaya kwa tochi. Na huko juu hawezi kufika.

"Shahidi kwanza," Mkuu akaingilia. "Thibitisha, Yu-han."

"Bosi, yule mwingine ni baba yangu."

"Najua, mwanangu. Thibitisha."

Machozi yakamtiririka gizani.

"Shahidi," alisema. "Hui-ling, shahidi."

Kisha akamgeukia fundi. "Mzee Kuo, fanya haraka, nakuomba!"

"Nafanya, binti!"

Akamsikia akilaani, akidondosha koleo, akilipapasa sakafuni. Yeye alibaki pale pale, goti mgongoni mwa adui, hana la kufanya.

Hatimaye jenereta ikanguruma. Mpimaji mmoja, kwa mazoea tu, akabonyeza saa yake na kutikisa kichwa. Hospitali imeshika nafasi ya mwisho.

Askari wakaingia na pingu.

"Shahidi mzima," Mkuu alisema redioni. "Genge limekwisha. Umefanya kazi."

Yu-han alishachomeka bastola kiunoni na kukimbilia ngazi.

"Dada." Hui-ling alikuwa analia redioni. "Panda taratibu. Usikimbie."

Yu-han akasimama. Akajifuta uso, akafunga vifungo vya koti, akaanza kupanda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.