Shakila Arudishwa kwa Mjomba

"Mjomba, nimemleta mwenyewe. Kama ana mtu wake huko Ndanda, amfuate."

Bwanali alisema hayo uani kwa mzee Hamudi, Kitangari, bila hata kukaa. Mkewe Shakila alisimama nyuma yake na begi la nguo, macho chini.

Tangu atoke hospitali ya Ndanda, Shakila alikuwa akilala mkekani na mtoto wao, Somoe. Alimwambia mumewe amepasuliwa uvimbe tumboni, lakini Bwanali hakuona kovu lolote. Akapekua simu ya mkewe, akakuta ujumbe wa mtu aitwaye Erasto: "Vumilia, usiogope. Jumatatu tutaonana." Alipouliza ni nani huyo, mkewe alijifunika kanga usoni.

Mjomba naye akauliza. Jambo lile alisemeje mbele ya mjomba wake? Lakini Bwanali alishageuka kuifuata pikipiki, ikabidi amwite.

"Baba Somoe, nilipasuliwa bawasiri. Ilinianza nilipojifungua. Niliona aibu, nikajua utanicheka."

Mzee Hamudi alijikohoza, akaingia ndani kuwapisha.

"Na Erasto?"

"Muuguzi wa pale nilipotibiwa. Jumatatu narudi kuangaliwa kidonda. Mpigie."

Bwanali akapiga, akaweka spika. Muuguzi aliuliza kwanza kama Shakila anaridhia aeleze. Aliporidhia, akasema tendo la ndoa lisubiri mpaka maumivu yaishe, damu ikome na daktari aridhike kwamba kidonda kimefunga. Kwa wengi huchukua wiki kadhaa, wengine zaidi. Hata hapo waanze taratibu, na akiumia waache. Kwa sasa anywe maji mengi, ale mboga za majani, asijikamue chooni, na akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Simu ilipokatika, Shakila alisema kwa sauti ndogo:

"Siku ile uliponing'ang'ania, nilitoka damu. Shuka nililifua peke yangu."

Bwanali alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Aliomba msamaha, akamsihi warudi nyumbani Newala.

"Sirudi leo. Bado nakuogopa."

Hakumbishia. Kesho yake alirudi Kitangari na madumu mawili ya maji kwenye pikipiki. Akawasha moto, akayapasha, akayajaribu kwa mkono, akaingiza beseni chumbani kwa mkewe. Kisha akatoka na kurudishia mlango.

Baadaye Shakila akaita kutoka ndani.

"Baba Somoe, bado upo?"

"Nipo hapa nje. Kaa humo mpaka yapoe."